Unga wa Chuma na Spea Zilizoadimika

Porsche ilitengeneza magari 292 tu ya toleo la 959. Yalitoka kiwandani miaka ya 1980, yakiwa miongoni mwa magari yenye mbio kupita yote ya zama zake, na hadi leo wapo wenye nayo wasiokubali yalale gereji kwa kukosa spea. Ndani ya klachi ya gari hilo kuna wenzo wa chuma cha kusubu, unaosukuma beringi ya klachi dereva akikanyaga pedali. Ukikatika, hakuna duka la kukimbilia. Kufufua kalibu, tanuri na mafundi wa kusubu kwa ajili ya wateja wasiofika mia tatu ni gharama ambayo mhasibu yeyote ataikataa kabla chai haijapoa.

Mwaka 2018 kitengo cha kampuni hiyo kinachohudumia magari ya zamani, Porsche Classic, kilitangaza kwamba wenzo huo sasa unachapwa. Unga wa chuma kigumu, aina inayotumika kutengenezea zana, hutandazwa kwa tabaka lisilofika sehemu ya kumi ya milimita. Mwale wa leza unayeyusha pale panapotakiwa tu, tabaka jingine linatandazwa juu yake, na kazi inaendelea hivyo mpaka wenzo mzima umesimama ndani ya unga. Baada ya hapo waliukandamiza kwa mzigo wa karibu tani tatu, kisha wakaupiga picha za CT kutafuta nyufa na matundu yaliyojificha ndani. Ulipita majaribio yote. Wakati wa tangazo kitengo hicho kilikuwa kikihudumia spea za aina 52,000 hivi, na zilizokuwa zikichapwa, za chuma na za plastiki pamoja, hazikufika hata kumi. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inasema mengi kuliko tangazo lenyewe.

Habari ya namna hii ikifika kwa mafundi na wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huwa imeshanona njiani. Watu wanazungumzia mashine unayoipa picha ya injini asubuhi, jioni ukaondoka na injini. Hapana. Umbo ndilo lililokuwa rahisi. Lililowachukua wanasayansi miaka mingi ni kuelewa chuma kinafanya nini ndani ya tone dogo linaloyeyuka na kuganda kabla hujapepesa jicho. Humo ndimo inamoamuliwa spea ipi ichapwe na ipi iachwe.

Tuanze na unga wenyewe. Chembe zake ni vitufe vyenye upana wa maikroni 15 hadi 45, na maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70. Chumba cha mashine hujazwa gesi ya argoni, kwa kuwa chuma cha moto kina uchu wa oksijeni na kikiipata hushika uchafu unaokidhoofisha. Njia hii ilikuzwa katika taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen, Ujerumani, ambako ombi la hataza yake liliwasilishwa mwaka 1996. Haijawahi kuwa kazi ya haraka. Bugatti, mwaka huohuo wa 2018, ilionyesha kaliper ya breki ya titani iliyochapwa Hamburg kwa leza nne: tabaka 2,213, saa 45 za mashine kufanya kazi, na uzito wa kilo 2.9 badala ya kilo 4.9 za kaliper ya aluminiamu iliyokuwapo kabla.

Leza ikipita, nyuma yake hubaki kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, chenye upana usiozidi sana sehemu ya kumi ya milimita. Kimezungukwa na chuma baridi pande zote, basi joto linakimbia, na kidimbwi kinapoa kwa kasi inayofikia nyuzi laki moja hadi milioni moja kwa sekunde. Linganisha na kitu kikubwa kilichosubiwa kwenye mchanga, ambacho huchukua dakika nyingi, pengine saa kadhaa, kupoa. Chuma kinapoganda atomu zake hujipanga katika fuwele. Zikipewa muda, fuwele hukua zikawa kubwa. Zikinyimwa, hubaki ndogo na nyingi, na mipaka iliyo kati yao ndiyo inayokizuia chuma kunyong'onyea kikibebeshwa mzigo. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, California, na wenzao waliweza kuonyesha kwamba chuma cha pua cha aina ya 316L, kile kisichoshika kutu, kikichapwa vizuri kinakuwa na nguvu kuliko kilichotengenezwa kwa njia ya kawaida, tena bila kuwa kikavu cha kukatika ghafla. Kwa kawaida vitu hivyo viwili havikai nyumba moja: ukiongeza ugumu, unapoteza unyumbufu.

Kasi hiyohiyo ina ubaya wake. Ipo aluminiamu ya aina ya 7075, yenye nguvu, inayopendwa na watengeneza ndege. Aliyewahi kujaribu kuichomelea anaijua tabia yake: mshono unapasuka ukiwa bado wa moto. Kwenye leza ilikuwa mbaya zaidi. Fuwele zilikuwa zikiota kama nguzo ndefu zinazoelekea upande mmoja, na katikati yao panabaki utando mwembamba wa chuma ambacho hakijaganda. Chuma kikinywea kwa kupoa, nguzo zinavutana, utando unachanika, na ufa umeshazaliwa. Mwaka 2017 timu ya HRL Laboratories, Malibu, Marekani, ilichapisha dawa yake katika jarida la Nature. Walipaka kwenye unga huo chembechembe ndogo mno za zirkoniamu, baada ya programu ya kompyuta kupekua michanganyiko milioni 11.5 inayowezekana. Kila chembe ikawa mahali pa fuwele mpya kuanzia. Badala ya nguzo ndefu wakapata fuwele fupifupi zisizo na mwelekeo, zinazoweza kusogezana chuma kinaponywea, na nyufa zikatoweka. Nyongeza kwa wapenda historia: maabara hiyo, enzi ikiitwa Hughes, ndiyo ambamo Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, Mei 1960.

Tatizo la pili ni matundu. Leza ikiwa kali, chuma hakiyeyuki tu bali kinachemka, na mvuke wake unasukuma kidimbwi chini mpaka panatokea shimo refu jembamba. Chini kabisa ya shimo hilo kuta zinaweza kuanguka ghafla, kiputo cha gesi kikabaki kimenaswa, mithili ya uji mzito unapochemka na kufunika hewa yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kukiona kiputo hicho kikizaliwa, kwani chuma hakipitishi mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walitumia eksirei zenye nguvu nyingi sana na kamera yenye kasi ya ajabu, wakapiga picha ndani ya titani ikiwa inayeyuka. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 2019. Ilidhaniwa kwamba shimo lile hutokea pale tu mtu anapokosea mipangilio ya mashine. Wao waliliona likitokea karibu katika kila hali waliyoipima, ila mara nyingine linatulia na mara nyingine linayumba. Tangu hapo swali limekuwa jinsi ya kulifanya shimo litulie, nalo ni swali lenye jibu: punguza nguvu kidogo, ongeza mwendo, usizidi mpaka fulani.

Kwa nini kitundu kisichoonekana kwa macho kiwasumbue watu kiasi hicho? Chukua krenkshafti, ile shafti iliyopinda inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, safari ya saa nne imeizungusha mara 600,000, na katika kila mizunguko miwili kila silinda inailipukia mara moja. Mzigo wa mara moja hauivunji. Kinachoivunja ni mzigo mdogo unaorudiwa, ukianzia kwenye kasoro moja: kitundu, mkwaruzo, kona kali. Ufa unasogea kidogokidogo kila mzunguko mpaka chuma kilichobaki kinashindwa. Ukiitazama krenki iliyokatika utaona uso wake una sehemu mbili: moja laini yenye mistari ya mapinde, ambako ufa ulikuwa ukitembea kwa miezi, na nyingine yenye chengachenga, iliyokatika siku moja.

Krenki hiyohiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba neno kuchapa limetuelekeza kubaya. Spea iliyolika haijafa yote. Shingo ya krenki inayobeba konrodi, ile fimbo inayoiunganisha na pistoni, ikilika, kilichopotea ni sehemu ndogo ya milimita juu ya kipande cha kilo nyingi kilicho kizima. Wasagaji wetu wanalijua hilo. Wanaisaga shingo ipungue robo milimita iwe duara tena, wanafunga beringi nene zaidi. Safari ijayo nusu milimita, hadi mwisho wa kipimo. Pakiisha pa kusaga, wapo wanaojaza kwa weldi na kuisaga upya. Wazo ni sahihi kabisa. Linaloharibu ni moto. Weldi ya kawaida inamwaga joto jingi mno kuliko linalohitajika: shafti inapinda, ugumu uliowekwa kiwandani kwenye ngozi yake unalainika, na pale kwenye kona ya mviringo, shingo inapokutana na bega lake, chuma kinabaki kimevutwa pande mbili kikisubiri siku ya kupasuka. Wengi wameona krenki iliyojazwa ikitoka inang'aa kama mpya na kukatika kabla ya mwaka.

Leza inarekebisha kosa hilo hasa. Hapa hakuna sanduku la unga. Kuna mdomo unaopuliza unga wa chuma moja kwa moja kwenye nukta ya leza, na shafti inazungushwa taratibu chini yake. Leza inayeyusha ngozi nyembamba sana ya chuma cha zamani, kiasi cha kushikana, na unga unaganda juu yake. Joto halifiki mbali. Kinachosalia ni kusaga hadi kipimo cha awali, na beringi za kawaida zinarudi mahali pake. Tena aliyejaza ana uhuru ambao kiwanda hakikuwa nao: anaweza kuweka juu ya shafti ya chuma cha kawaida ngozi ya aloi ngumu zaidi isiyolika upesi. Viwanda vikubwa hutumia njia hii kwenye shafti, kalibu na panga za tabo.

Wajerumani wa Aachen waliisukuma mbele zaidi. Katika njia waliyoipa kifupi cha EHLA, unga unayeyuka ukiwa bado hewani, kabla haujagusa chuma, hivyo shafti inaweza kuzunguka kwa kasi na kupakwa tabaka la maikroni 25 hadi 250 tu. Mwendo ambao zamani ulikuwa mita moja au mbili kwa dakika ulipanda hadi mamia ya mita. Wahusika walipewa tuzo ya Joseph von Fraunhofer mwaka 2017, na mojawapo ya kazi zilizofuata ni kupaka diski za breki. Diski ya chuma cha kusubu hulika kila breki zikikanyagwa, na vumbi lake linaishia kwenye mapafu ya anayesubiri kuvuka barabara. Ulaya, kwa kanuni za Euro 7, imeweka kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi la breki, jambo ambalo kanuni zote za moshi zilizotangulia hazikuligusa. Diski yenye ngozi ngumu inalika kidogo. Ni teknolojia ya spea ambayo faida yake inamfikia hata asiyekuwa na gari.

Tukirudi kwenye spea nzima iliyopotea, kuna mtego ambao wauzaji wa mashine hawautaji. Ukiipima kwa skana spea iliyolika, unapata picha sahihi ya kitu kilicholika. Tundu la bushi lililokuwa duara limekuwa yai, na kompyuta italichora yai hilo kwa uaminifu mkubwa. Lazima atokee mtu anayejua kwamba mhandisi wa kwanza alikusudia duara, aende akapime shafti inayoingia humo, bolti zinazoshikilia, na umbali kati ya vituo, kisha achore kilichokusudiwa. Kazi hiyo ni ya fundi mzoefu mwenye kaliper ya kupimia mkononi, na hakuna mashine iliyomwondolea. Chuma nacho kina nia yake. Chuma cha kusubu kina madini ya grafiti ndani yake yanayosaidia kuteleza na kumeza mtetemo. Ukikibadilisha kwa chuma kigumu, wenzo wa klachi utafurahi, ila ukuta wa silinda hautafurahi.

Halafu hesabu. Kilo moja ya chuma ina ujazo wa sentimita za ujazo kama 127. Mashine ya leza moja ikijenga sentimita za ujazo kumi kwa saa, kilo hiyo inachukua karibu saa 13, na bei ya mashine ni mamia ya maelfu ya dola. Kinachotoka bado ni kigumu kushika kwa ukwaruzo wake: kinahitaji kuchomwa tanurini kulegeza mivutano ya ndani, kukatwa viegemeo vilivyokishikilia kikichapwa, na kila uso unaokutana na spea nyingine kukerezwa, maana beringi inadai nafasi ya maikroni chache wakati chapa inabahatisha makumi. Kwa Toyota ambayo vifaa vyake vimejaa kila kibanda, haiingii akilini. Inaingia akilini kwa 959, kwa treni kuukuu, kwa meli iliyokwama, au kwa mashine ya kiwanda ambayo kila siku inayolala inakula mamilioni.

Ipo lakini njia ya kando, na ndiyo ninayoiona karibu nasi kuliko zote. Jay Leno, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani na mkusanyaji wa magari, alieleza mwaka 2009 jinsi alivyookoa gari lake la mvuke la White la mwaka 1907. Sehemu yake ya kupasha maji ilikuwa imelika na kuvuja kwa zaidi ya karne ya matumizi. Waliipima kwa skana, wakasahihisha mchoro kwenye kompyuta, wakaichapa kwa plastiki. Plastiki hiyo ikawa mfano wa kutengenezea kalibu, na chuma kikamiminwa kwa njia ile ya siku zote.

Hapo kila kitu kinachohitajika tunacho. Printa za plastiki zipo. Dar es Salaam na Nairobi vijana wamekwisha kuziunda kwa vifaa vilivyong'olewa kwenye kompyuta chakavu. Wasubu aluminiamu wapo, wanaoyeyusha chakavu na kumimina sufuria kwenye mchanga tangu zamani. Kinachokosekana ni kukaa meza moja, pamoja na kanuni tatu nne ambazo msubu anazo kichwani lakini mchoraji hazijui. Aluminiamu hunywea takriban asilimia 1.3 ikipoa, basi kifaa cha milimita 200 kichapwe kwa milimita 202.6. Chakavu kichaguliwe: pistoni na rimu za zamani zina silikoni inayofanya aluminiamu itiririke mpaka pembe za mwisho za kalibu, ilhali sufuria iliyoyeyushwa huganda njiani na kuacha mapengo. Na spea ichaguliwe kwa akili. Kava ya themostati, nyumba ya pampu ya maji, mkono wa alteneta, kifuniko cha giaboksi, sawa. Konrodi, taironi au kaliper ya breki, asiguse mtu, hata mteja akilia.

Kwa kava ya themostati, uso unaokalia gasketi uachiwe milimita mbili za ziada kwenye mchoro, mkerezaji aje azisawazishe. Matundu ya bolti yasichapwe kabisa. Mchanga haushiki vizuri tundu la milimita nane, na kulitoboa baadaye kwa drili ni kazi ya dakika chache.